Medali Ingoje Kobe Afike

Wanyama wa Mkuyuni walianzisha mbio zao kwa nia njema, na hilo lisemwe mapema ili asiwepo wa kuwaonea. Habari za wanadamu walikuwa wamezisikia miaka mingi. Moshi, tangu mwaka 2003, watu wanatoka mbali kuja kukimbia kilomita 42 chini ya Kilimanjaro. Dar es Salaam haipiti wikendi bila klabu fulani ya jogging kujaza barabara kwa fulana za rangi moja. "Na sisi tuna mlima," alisema Mjomba Kima, na kwa Waluguru mjomba akisema ukoo unasikiliza. "Tena mlima wenyewe ni Uluguru. Tunangoja nini?"

Baraza likakaa chini ya mkuyu, likapanga. Mbio zitakuwa Februari, kabla masika hayajaanza kuzifanya njia utelezi. Zitaanzia hapo mkuyuni, zipite kwenye mashamba ya mananasi na migomba, zipande Kinole, zikate katikati ya mipilipili manga na mikarafuu hadi ukingo wa msitu wa hifadhi, kisha zigeuze. Wakimbiaji wawe 200. Vituo vya maji viwe 6.

Kwenye vituo vya maji ndipo Kunguru alipoinua mkono.

Kunguru hakuwa mwenyeji wa mlima. Ukoo wake uliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wenye mji wakitaraji ndege hao wawapunguzie taka. Wakazila kweli. Wakazaana, wakavuka bahari hadi bara, wakajaa Dar es Salaam, mwishowe wakaifuata barabara kuu mpaka Morogoro. Waliletwa kumaliza uchafu, lakini uchafu ndio uliokuwa chakula chao, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakisema sasa umepungua, turudi kwetu. Baraza la Mkuyuni lilikuwa na nafasi ya kukumbuka historia hiyo. Halikuikumbuka, kwa sababu Kunguru alikuja na neno linalozima kumbukumbu za mabaraza mengi, nalo ni neno "bure".

"Maji yote ni juu yangu," alisema. "Chupa moja kwa kila mkimbiaji kwa kila kituo. Chupa 1,200, zimefungwa, zina picha yangu. Na fulana 200 zilizoandikwa Tunza Mazingira, kila moja ndani ya nailoni yake."

Mama Kaa, anayeishi chini ya jiwe pale kijito kinapokata njia, aliomba kusema. "Mwanangu, maji si tunayo? Yanapita mlangoni kwangu usiku na mchana."

"Mama, mkimbiaji wa siku hizi haingii kijitoni kuchota," alijibu Kunguru kwa adabu. "Anadaka, anapita."

Mama Kaa akauliza tena, chupa ikishadakwa na mkimbiaji akishapita, chupa inabaki na nani. Swali hilo liliandikwa kwenye kitabu cha kikao na likabaki humo.

Siku ya mbio Mkuyuni ilifurika. Mikungu ya ndizi iliwekwa kando, ngoma zikalia tangu alfajiri, na Sungura alikuwa mbele kabla jua halijafika juu ya migomba. Inafaa kumtazama vizuri alivyopita kituo cha tatu, maana wote waliomfuata walifanya vivyo hivyo. Alinyoosha mkono wa kulia bila kupunguza mwendo. Chupa ikaingia kiganjani. Akakivunja kifuniko kwa meno, kikaangukia kwenye majani. Akapiga mafunda mawili. Maji yaliyobaki, na yalikuwa mengi kuliko aliyoyanywa, akajimwagia kichwani. Kisha mkono wa kushoto ukaipokea chupa na kuitupa upande wa korongo, na macho yake hayakwenda huko hata mara moja. Hatua chache mbele akatoa pakiti ya jeli, ule utamu mzito wanaonyonya wakimbiaji wa mwendo mrefu ili nguvu zirudi. Akaing'ata kona, akaitema, akanyonya, na pakiti tupu akairudisha mfukoni. Mpaka leo Sungura anaapa kwamba hajawahi kutupa pakiti ya jeli, na kiapo chake ni cha kweli. Alichotupa ni kona.

Saa tatu asubuhi alikuwa amerudi. Akavishwa medali. Mjomba Kima akatangaza kwamba mbio zimekwenda salama, njia ni nzuri, na Mkuyuni imejiandika kwenye ramani. Saa saba mchana hata wapiga ngoma walikuwa wamekwenda kula.

Kobe alifika magharibi. Hapakuwa na mtu.

Asubuhi yake aliomba kikao. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia marahaba, akaketi polepole, wao wakadhani amekuja kulalamika kwamba hakupewa medali. Hakulitaja neno medali. Alisema hivi:

"Mshindi alikimbia kwenye njia safi. Wa pili alikimbia kwenye njia yenye chupa moja. Wa kumi alikuta chupa tisa. Mimi ndiye niliyekimbia kwenye njia yenye chupa zote. Mnaposifu njia, mnamsikiliza aliyeiona kabla haijaharibika. Niulizeni mimi niliyepita baada yenu."

Hapo ndipo ninaposimama na Kobe bila kuyumba. Katika mbio zozote, za wanyama au za watu, wanaohojiwa ni wa mbele. Wao ndio wanaosimama jukwaani, wanaokaa na wadhamini, wanaoulizwa maandalizi yalikuwaje. Na wao ndio wasioona kitu, kwa sababu taka za mbio huanguka nyuma ya anayeongoza. Anayeziona ni wa mwisho, halafu mwenye shamba, halafu kaa aliye chini ya jiwe. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayealikwa kwenye kikao cha tathmini.

Kobe akaendelea kueleza kituo kwa kituo. Chupa nyingi hazikuwa njiani. Zilibingirika hadi kwenye makorongo ya chini ya njia, na Uluguru upande huu wa mashariki ni mwinuko mkali, kitu kikidondoka hakingoji. Vifuniko vilikuwa vimezama kwenye majani. Kona za pakiti zilimeta juani kama magamba ya samaki, na alipojaribu kuziokota zikamshinda, kwa kuwa ni ndogo kuliko ukucha. Akashuka na chache alizoweza. Akazimwaga mbele ya baraza.

Baraza lilisikitika, na halikujifanya. Likaunda Kamati ya Usafi siku hiyo hiyo. Kunguru akachaguliwa mwenyekiti kwa kuwa ana uzoefu wa taka. Zikaja fagio, zikaja hotuba, na Jumamosi iliyofuata wakafagia kutoka mkuyuni mpaka kituo cha pili, yaani mpaka pale gari linapoishia. Vituo vinne vya juu viliachwa, na korongoni hakuteremka mtu. Kamati ikaandika kwamba kazi imekamilika.

Kisha masika yakaja.

Anayeijua mvua ya Mkuyuni hahitaji kusimuliwa. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba maji, unakutana na ukuta wa Uluguru, unaangusha mzigo wote hapo. Makorongo yaliyokuwa makavu Februari yalinguruma Aprili. Chupa zikaamka. Zikashuka zikigongana kwenye mawe, zikaingia vijitoni, vijito vikaingia mitoni, na mito ikaungana na Ruvu.

Siku moja mvua ikiwa imepungua, Mkunga alitokeza kwenye dimbwi la Mama Kaa. Mkunga wa mtoni huzaliwa mbali baharini na hupanda mito akiwa bado mdogo ili akulie maji baridi. Safari hiyo ya kupanda huwa inakwenda kinyume na maji, kwa hiyo kila kinachoteremka hukutana nacho uso kwa uso.

"Kunguru yupo hapa?" aliuliza. "Nimepishana na sura yake tangu Bagamoyo."

Akaitwa. Akaja, akasimama mbali kidogo na maji.

"Nimekuona kwenye mizizi ya mikoko, pale Ruvu inapoingia baharini," Mkunga akasema. "Nimekuona kwenye matope. Na niwaeleze jambo ambalo ninyi wa nchi kavu hamlioni. Chupa na kifuniko chake haviendi pamoja. Chupa ikishaingia maji inazama, maana plastiki yake ni nzito kuliko maji, na matope yanaifunika. Kifuniko ni plastiki nyingine, nyepesi. Kinaelea, na kitaelea mpaka baharini. Mnaotafuta chupa juu ya maji mtadhani zimekwisha. Zipo chini, mimi ndiye ninayelala nazo."

Hapa niseme jambo nje ya hekaya kidogo, kwa sababu linanigusa. Ruvu si mto wa Morogoro peke yake. Maji yake yanachotwa Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 5. Wengi wa jiji hilo wanaofungua bomba asubuhi wanakunywa mvua iliyonyesha Uluguru. Kwa hiyo kinachoanguka njiani Kinole si shauri la Kinole tu, na mbio zinazopita kwenye vyanzo vya maji zina deni kwa watu ambao hawatakuja kuziona kamwe.

Baraza lilikutana tena, safari hii bila ngoma. Mama Paa ndiye aliyezungumza kwanza, akauliza jambo ambalo wapenda usafi wengi hulikwepa. "Wanangu wanakimbia. Morogoro ina joto. Mkiondoa maji vituoni, mtoto wangu ataanguka na mtanirudishia mwili. Mimi nataka usafi, lakini kwanza nataka mwanangu arudi akiwa hai." Hakuna aliyempinga, na hakupaswa kupingwa. Mkimbiaji wa mwendo mrefu asiponywa anaumia. Swali la haki ni namna ya kumnywesha.

Panya Buku akaomba nafasi. Huyu ni msomi wa familia. Ndugu zake wanafunzwa hapo hapo Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifundishwa Tanzania akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza kwa kazi yake. Alizawadiwa kwa kuonyesha vilivyofichika ardhini. Hilo Panya Buku alilitaja kwa heshima, huku akimtazama Kobe.

"Mimi nimeishi pembeni ya stendi ya Msamvu," alisema. "Nimeziona taka za kila aina na nimeona kipi kiliziondoa. Desemba 9, 2015, sikukuu ya Uhuru, nchi nzima ilishika fagio. Ilikuwa siku nzuri, siidharau. Lakini wiki iliyofuata viroba vya pombe vilikuwa vimetapakaa chini tena, maana vilikuwa bado vinauzwa. Machi 1, 2017 viroba vikapigwa marufuku. Wafagiaji hawakuongezeka. Viroba vyenyewe ndivyo vilivyokosekana. Juni 1, 2019 ikawa zamu ya mifuko ya plastiki. Mifuko iliyokuwa imening'inia kwenye kila uzio ikapungua, na sokoni watu wakarudi kwenye vikapu walivyokuwa navyo tangu zamani. Sisi hapa tumeanza na fagio. Tuanze na mkono unaogawa."

Kunguru akasema kwamba hiyo ni siasa.

Mjomba Kima, ambaye aliona aibu ya ile hotuba yake ya njia nzuri, hakutaka kuamua kwa pupa. Akasema wamsubiri Mbayuwayu aende na kurudi. Mbayuwayu hukaa nasi miezi ya joto, na karibu na Aprili huondoka kwenda Ulaya, akarudi Oktoba. Huko na njiani huona mbio nyingi kuliko mtu yeyote wa Mkuyuni. Akatumwa aangalie wenzetu wanafanyaje.

Aliporudi vuli, baraza lilimsikiliza usiku kucha. Alianza na jangwa. "Kule Sahara ya Moroko kuna mbio zinazoitwa Marathon des Sables, tangu mwaka 1986. Kama kilomita 250 za mchanga, siku kadhaa. Kule maji ni uhai, kwa hiyo hawaachi kuyagawa. Lakini kila chupa aliyopewa mkimbiaji ilikuwa ikiandikwa namba yake. Ikiokotwa mchangani, ilijulikana ni ya nani, na mwenyewe aliadhibiwa." Wanyama wakaguna. Namba ilikuwa kifuani mwa kila mkimbiaji wao tangu mwanzo, na hakuna aliyefikiria kuiandika mahali pengine.

Akaeleza ya Ubelgiji, Aprili 2021. Chama cha baiskeli cha dunia kilikuwa kimeanzisha sheria mpya siku chache tu kabla, kwamba kutupa chupa nje ya maeneo yaliyotengwa ni kosa. Katika mashindano ya Flanders, Mswisi Michael Schär aliwarushia mashabiki chupa yake kama waendesha baiskeli walivyozoea miaka yote. Akatolewa palepale. Makelele yakawa mengi, na kabla mwezi haujaisha adhabu ikalegezwa kwa kosa la kwanza, ila sheria ikabaki.

Ya London ndiyo iliyowapendeza vijana. Mwaka 2019, karibu na mwisho wa mbio zao, wakimbiaji walipewa vifuko vidogo vya kinywaji vilivyotengenezwa kwa mwani, zaidi ya 30,000. Unakitia mdomoni, unakipasua, ukitaka unakimeza chote, na ukikiacha kinaoza kama ganda la tunda. "Mwani!" wakapiga kelele. "Si unalimwa Zanzibar, Paje na Jambiani!" Nusu ya baraza ilikuwa tayari kutuma mjumbe Unguja.

Mama Kaa akawatuliza. "Ni kitu kizuri, na akina mama wa Paje wakipata soko nitafurahi. Lakini mtakuwa bado mnafundisha mkono kutupa. Leo atatupa mwani, kesho mwani ukikosekana atatupa kile kilichopo. Mbayuwayu, hakuna mahali ulipoona hawatupi kabisa?"

"Nipo ninakuja huko," Mbayuwayu akasema. "Mwisho wa Agosti kuna mbio za kuuzunguka mlima Mont Blanc, zinapita Ufaransa, Italia na Uswisi, zaidi ya kilomita 170. Mlima kama huu wenu, ila una theluji. Kule vituoni hakuna kikombe cha kutupa. Kila mkimbiaji lazima awe na kikombe chake, ni kifaa cha lazima kama taa ya usiku. Anasimama, anajaziwa, anakunywa, anakirudisha kiunoni, anakwenda."

"Anasimama?" Sungura akaruka. "Sekunde kumi zinapotea! Mara vituo sita, dakika nzima!"

"Zinapotea kwako na kwa anayekufukuza," Kobe akasema. "Sasa nani amekuzidi?"

Sungura alitafuta jibu na hakulipata.

Kulipokucha, Bibi Kakakuona akatokea. Hatoki ovyo. Akionekana karibu na kijiji, watu huweka mbele yake maji, nafaka na silaha, wakamtazama atakwenda wapi ili wajue mwaka utakuwa wa mvua, wa shibe au wa ugomvi. Wanyama nao wakaweka vyao: kata ya maji, muhindi mmoja, na chupa ya Kunguru iliyojaa, haijafunguliwa. Bibi akaanza na chupa, kwa kuwa inang'aa. Akaizunguka. Akatoa ulimi wake mrefu, ukateleza juu ya picha ya Kunguru. Akaisukuma kwa kichwa, ikabingirika, ikaangukia mteremkoni, ikaenda zake. Akageuka kwenye kata, akanywa yote, akarudi msituni. Hakuna aliyeomba kura.

Sheria zikawekwa siku hiyo. Mkimbiaji hapewi chupa wala kikombe. Kila mmoja aje na kibuyu au kikombe chake kimefungwa kiunoni, asiyekuwa nacho haanzi. Vituoni pawe na mitungi na ndoo zenye koki, pawe na wachotaji wawili kila upande ili foleni isiwepo, na kituo kimoja kiongezwe kwenye mpando wa Kinole, kwa ajili ya watoto wa Mama Paa na wengine wote. Pakiti za jeli ziandikwe namba ya mwenyewe wakati wa kujiandikisha, na ziandikwe pande zote mbili, kona na mwili. Kobe ndiye aliyesisitiza kona.

Lakini sheria ninayoiona kubwa kuliko zote ni ya nani asimamie kituo. Mlimani ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Kila kituo kilikuwa kwenye ardhi ya ukoo fulani, na mwaka wa kwanza hakuna aliyewauliza wenyewe. Kunguru aligawa chupa kwenye mashamba ambayo hakuyalima, karibu na vijito ambavyo hakunywa, kisha akaruka kwenda kulala mjini. Mwaka wa pili kila kituo kilikabidhiwa ukoo wenye ardhi. Akina mama ndio waliochota maji, wakakata mananasi, wakaweka ndizi, na maganda yakarudi kwenye migomba yao palepale. Ukimpa mkimbiaji maji kwenye shamba la mama yako, unamtazama anakoweka mkono.

Kunguru aliondoa udhamini. Alieleza waziwazi, na namheshimu kwa kusema kweli: chupa isiyoachwa njiani haimtangazi mtu. Fulana za mwaka huo hazikuwepo. Wakimbiaji walivaa zile za mwaka jana, ambazo bado zilikuwa nzima.

Na sheria ya mwisho: medali hazitolewi mpaka Kobe afike.

Februari ikaja. Sungura akashinda tena, saa tatu na dakika moja. Akakaa chini ya mkuyu kusubiri. Mwanzo alinung'unika, kisha njaa ikamshika, akala fenesi pamoja na wa pili na wa tatu. Saa saba bado wote walikuwepo, kwa kuwa hakuna wa kuondoka bila medali. Kwa mara ya kwanza Mkuyuni iliona mbio zote mpaka mwisho. Nungunungu aliyekuwa wa 180 aliingia akishangiliwa kama mfalme. Mama mmoja Digidigi, aliyekimbia huku ana mtoto wa kumnyonyesha nyumbani, alilia alipokuta watu bado wapo.

Kobe aliingia jua likizama. Wakampa maji kwanza. Kisha akatoa alivyoviokota.

Vifuniko vitatu, vimepauka, vya mwaka jana. Mvua ilikuwa imevifukua. Mama Kaa alivitambua, maana mwanawe alikuwa amekua huku kipete cha plastiki cha kifuniko kama hicho kikimbana mguu hadi kikakatwa.

Na kona moja ya pakiti ya jeli. Ilikuwa ndogo, imekunjamana. Mjomba Kima akainyoosha kwa kucha mbili, akaisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa na namba 7.

"Pakiti ninayo," Sungura akasema haraka, akaitoa mfukoni. "Hii hapa. Sijaitupa."

"Unayo," Mjomba Kima akakubali. "Na kona tunayo sisi."

Kikao kikawa kirefu. Wengine walitaka afutwe kabisa. Mbayuwayu akakumbusha ya Ubelgiji, jinsi adhabu ya kufukuza ilivyolegezwa kwa kosa la kwanza na bado waendeshaji wakabadilika. Mwishowe wakaamua: Sungura aongezewe dakika tano. Dakika hizo zilimshusha hadi wa tatu, na medali ya kwanza ikaenda kwa mtoto wa Mama Paa. Sungura aliipokea ya tatu kwa uso uliokunjamana, na jioni hiyo aliulizia kwa watu kama kuna jeli inayouzwa kwenye chupa ndogo ya kujaza tena. Ipo. Panya Buku alimwelekeza.

Kobe alikuwa hajamaliza. "Haya ni ya wakimbiaji," akasema. "Nina mfuko mwingine." Akaufungua. Mlikuwa na karatasi za biskuti, mifuniko ya juisi, mirija, na chupa tatu za soda. "Hizi nimezikuta kituo cha pili, pale mashabiki waliposimama kwenye bega la barabara. Nyingine zimerushwa kutoka kwenye gari lililokuwa linashuka kwenda Morogoro. Hizi hazina namba."

Kimya kidogo. Kisha kila mmoja akaanza kusema kwa wakati mmoja. Mama Kaa alitaka mashabiki nao waandikishwe. Mama Paa akasema mashabiki ni wageni, wapokelewe na ukoo kama wageni wanavyopokelewa, wapewe kata na waonyeshwe pa kuweka taka. Panya Buku akauliza kuhusu magari, akitaka kujua utingo ndiye awajibike au abiria.

Mjomba Kima akafunga kitabu. Akasema jambo hilo ni zito na haliwezi kumalizwa usiku, kikao kitakaa baada ya wiki mbili, kabla ya masika, na wenye magari waitwe. Akamgeukia Kobe, akamwomba aanze safari ya kuja kikaoni kesho asubuhi.